Mabehewa Yaliyoruka Reli Siku ya Saba Saba

Chanji, Sumbawanga
Ijumaa, alasiri

Skola mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia huko uani unamwimbia mdogo wako na kumkaripia kwa pumzi ile ile. Wala sitakuambia habari za blanketi, za nauli ya kufichwa, wala za kutokula ovyo njiani. Mama yako amekwisha kukusomea hayo mara tatu tangu asubuhi, na akikuona umezubaa atakusomea mara ya nne. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia tangu mwezi wa saba, na sasa limenichosha.

Jambo lenyewe ni yale mabehewa.

Najua ukifika kwenye neno hilo utakunja uso. Tangu siku ile hatujayataja ndani ya nyumba hii. Mama yako akitaka kuyasema husema "vile vitu," kama vile ni nyoka. Leo nitayataja yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu humo ndani mna jambo ambalo hujaambiwa na mtu, na sitaki uambiwe na mwingine.

Behewa mimi nililijua kabla hujazaliwa. Nilikuwa na umri kama wako nilipoandikishwa umanamba. Tulitembea kutoka huku juu mpaka Mpanda, vijana wengi wa Kifipa, tukapakiwa daraja la tatu kwenda kukata mkonge Tanga. Wenzangu walichungulia dirishani wakishangaa nchi. Mimi nililia, nakwambia kweli, nililia mpaka kamasi zikanishuka, na nilipochoka kulia nikaanza kulipapasa lile benchi. Mbao zilikuwa zimeunganishwa hata ukucha hauingii. Siku mbili nzima nililipapasa benchi lile. Mkataba ulipokwisha wenzangu walirudi na makoti na baiskeli, mimi nikarudi na msumeno na randa. Bibi yako aliuliza kama nimerogwa.

Kwa hiyo Katibu wa tawi alipokuja hapa mwaka huu na lile sanduku, alikuja kwa mtu aliyelisubiri bila kujijua. Unakumbuka alivyolifungua? Mle ndani mlikuwa na garimoshi dogo la kuchezea, la yule Padri mzee aliyerudi kwao. Kichwa chake cha kutia ufunguo, reli za vipande vipande, na mabehewa sita.

"Mzee," Katibu akasema, "mkoa wetu mpya, na reli ya Uhuru nayo inapita hapo Tunduma. Watu wetu wengi hawajaona garimoshi. Saba Saba tunataka waione hapa hapa uwanjani. Lakini isiwe ya Ulaya. Iwe yetu."

Nikajibu upesi mno, "Itakuwa yetu, Ndugu Katibu."

Tukaja kugundua kazi ilivyo. Reli zilikuwa nyembamba, upana wa vidole viwili, na mabehewa mawili tu ndiyo yaliyokuwa saizi yake. Manne yalitoka kwenye garimoshi lingine kubwa zaidi. Miili yake mizito, milango kama ya kabati kila upande, na magurudumu yake yamepanuka kupita reli. Ilibidi kuyakata, kuyapunguza, kuyavisha upya, kisha kuyaleta magurudumu ndani mpaka yakae. Kazi ya miezi miwili, na hatuna rangi, hatuna kioo, hatuna msumari hata mmoja mdogo wa kutosha kazi ile.

Hapo ndipo nilipokuona, Skola. Kukuona nilikuona siku zote, ila nilikuona unafagia, unateka maji, unasoma. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, umekaa nyumbani unasubiri, na mimi nilidhani unachosubiri ni mchumba. Ukachukua behewa la kwanza ukaligeuza juu chini, ukasema, "Baba, hili tusilikate katikati. Tukilikata katikati madirisha hayatalingana. Tutoe kipande kila mwisho." Nilikuwa nimekwisha shika msumeno nilikate katikati! Nikakohoa nikasema ndivyo nilivyokuwa nataka kufanya. Uongo. Huo wa kwanza uutie kwenye hesabu.

Kioo cha madirisha ulikipata wewe kwa mganga wa hospitali, zile picha za mifupa zilizotupwa, ukazisugua kwa maji ya moto na majivu mpaka mbavu za watu zikatoka. Mapaa tulikata kwenye mkebe wa mafuta. Mabenchi ya daraja la tatu nilichonga mimi, njiti kwa njiti, na siyaonei haya mpaka leo. Rangi uliiomba kopo kwa kopo: kwa seremala wa misheni, kwa mwenye duka la baiskeli, kwa yule mama wa Kiarabu wa mjini aliyekuwa amepaka mlango wake. Ukazichanganya mpaka ukapata wekundu wa udongo wetu.

Behewa la kwanza nilipaka mimi, mkono mmoja, rangi nzito, nimalize nikapumzike. Ilipokauka, nakshi zote za mbao zilikuwa zimezama. Ulichukua msasa ukasugua siku mbili, ukaanza upya: rangi nyepesi, unaacha ikauke, unasugua, unarudia, mara nne. Mkono wa nne ulipokauka tuliona hata mistari ya ubao. Halafu ukavuta ule mstari wa rangi ya maziwa chini ya madirisha kwa unyoya wa kuku, umezuia pumzi, na mimi nimezuia yangu. Mama yako alipita na sufuria akasema, "Nyie wawili mtakufa."

Nilikuwa mzee wa miaka arobaini na kitu ninayejifunza kupaka rangi kwa mwanangu. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kuonyesha. Sisi tumelelewa hivyo: mtoto humsifii usoni asije akavimba kichwa. Mimi sikuvimba kichwa kwa kukosa sifa, nilikonda tu. Sasa nasema: sikuwahi kufanya kazi na mtu mwenye mkono kama wako, na wakati ule nilipaswa kukwambia.

Sasa tufike kwenye chuma.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mfua chuma wa zile tanuru ndefu, ilungu, ambazo magofu yake unayaona ukienda Pito. Mimi sikuyeyusha mawe hata siku moja. Nilichorithi ni mvukuto na maneno. Na neno kubwa kuliko yote lilikuwa hili: mwanamke hakaribii moto wa chuma. Akikaribia chuma hukataa. Nimebatizwa, naenda misa, nakaa benchi la mbele, na nimeshika ile ibada ndefu ya mchana wa Ijumaa Kuu tangu utoto wangu; lakini mvukuto ukianza kupuliza nyuma ya nyumba, mimi ni mjukuu wa babu yangu. Ulipokuja na makaa ulikuta nimekuchorea mstari mlangoni kwa mguu. "Ishia hapo." Ukaishia hapo.

Kwa hiyo mbao zilikuwa zako na zangu, ila magurudumu yalikuwa yangu peke yangu. Nilizikata ekseli zile pana, nikazipunguza, nikazilehemu tena. Kwa jicho. Miaka yote nimepima kwa jicho, milango ya nusu ya Chanji nimeipima kwa jicho.

Nilipoyatoa nje yamepoa, ulikuwa umenisubiri na kile kipande cha bati. Ulikuwa umekikata wewe, na juu yake umechonga mapengo mawili, upana wa reli kabisa. Ukakipitisha behewa kwa behewa. Gurudumu likiwa sawa linatumbukia pengoni, huku na huku. Behewa la kwanza, sawa. La pili, gurudumu moja likatumbukia, lingine likabaki juu ya bati linaning'inia.

"Baba," ukasema, taratibu kabisa, "hili limepanuka kidogo. Na la nne pia."

"Kidogo kiasi gani?"

"Unene wa ukucha."

"Unene wa ukucha!" Nikacheka. "Skola, hili ni garimoshi, si dawa ya kupimwa hospitali."

"Kwenye reli iliyonyooka litapita, Baba. Kwenye kona litapanda. Tumwombe Katibu zile reli za kona tujaribu."

Reli za kona zilikuwa zimefungiwa ofisini, zisipotee. Kuziomba kulitaka kumwambia Katibu kwamba fundi hana hakika na kazi yake. Nikapandwa na hasira. Nilikwambia, na maneno haya nayakumbuka yote, "Mambo ya chuma hayakuhusu. Kafunge mapazia." Ukainama ukasema, "Haya, Baba." Ukaenda ukafunga mapazia ya behewa la kulala, vipande vya gauni la mama yako lililochakaa, na hukulitaja tena.

Ningetaka kusimama hapo, lakini siku yenyewe ya Saba Saba lazima niipitie.

Ulikuwepo, lakini hukuuona uso wangu. Ilikuwa baridi ile ya kwetu ya mwezi wa saba, upepo unapuliza vumbi mezani, watu wamejaa mpaka juu ya malori. Mgeni rasmi yupo, wazee wapo, na pembeni alikuwapo yule Fundi Maganga wa reli, Mnyamwezi mnene mwenye kofia ya bluu, aliyeletwa kutafuta vijana sita wa mkoa huu, wa kike au wa kiume, wakajifunze kazi kwenye karakana ya mabehewa. Nilikuwa naijua shughuli yake. Asubuhi ile, kabla ya watu kujaa, nilimwona ameinama juu ya meza yetu kwa muda mrefu, amegusa ule mstari wa rangi ya maziwa kwa kidole. Akaniuliza nani kauvuta. Nikamwonyesha wewe kwa kidevu. Akatoa daftari akaandika jina lako. Hilo hukulijua.

Katibu akatia ufunguo. Kichwa kikaondoka, mabehewa sita nyuma, na uwanja mzima ukasema "Aaaa!" Mimi nilikuwa nimeshika kofia kifuani kama nipo kanisani. Yakanyoosha. Yakafika kona. Behewa la pili likapanda reli, likainama, likalivuta la tatu, la nne nalo likapanda upande wake, na lile la kulala likadondoka mezani mpaka chini, paa huku, mapazia kule. Halafu kichwa kikaendelea kuzunguka peke yake na kibehewa kimoja, kinalia kiri-kiri-kiri, hakina habari.

Kijana mmoja juu ya lori akapiga kelele, "Mzee, treni lako limelewa!" Uwanja ukaangua kicheko.

Mgeni rasmi hakucheka. Aliuliza kwa upole tu, "Mzee wangu, kumetokea nini?"

Hapo Skola, nilikuwa na neno moja la kusema. Nimepima vibaya. Maneno mawili! Mtoto wa darasa la pili angeyasema. Mimi nikatazama wazee wa kwetu waliokaa mbele, nikamwona baba yako mkubwa ananitazama, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Ni huyu binti. Nilimkataza magurudumu, akayaendea nisipokuwepo."

Wazee wakatikisa vichwa. Baba yako mkubwa akasema, "Ndiyo maana." Kwao kila kitu kilikuwa kimeeleweka. Na wewe ulikuwa umepiga magoti unaokota mapazia. Uliinua kichwa, ukaniangalia mara moja, ukaendelea kuokota.

Hukunijibu siku ile wala siku iliyofuata. Ungenitukana ningepumzika. Ulinipa maji ya kunawa kwa magoti kama kawaida, ukaniamkia kama kawaida, na kila "Shikamoo Baba" ilinichoma. Adabu yetu Wafipa watu huisifu, lakini mtu mkosaji ikimwangukia hana pa kukimbilia.

Sasa nakuambia usilolijua.

Ulipokwenda Pito kumsaidia shangazi yako kuvuna ulezi, Katibu alikuja na orodha ya vijana sita. Wewe hukuwemo. Akaniambia ulikuwa umeandikwa wa kwanza, ukafutwa siku ile ile, pale pale uwanjani. Fundi Maganga mambo yetu ya tanuru hayajui. Alichosikia yeye ni kwamba binti huyu amekatazwa kazi ya mwenzake akaiendea kwa siri. Akasema, "Mtu wa hivyo kwenye reli anaua watu," akapiga mstari.

Katibu akaondoka. Mimi nikakaa. Na sasa nasema lililo baya kuliko uongo wenyewe: nilikaa siku nane. Na katika siku hizo nane, siku ya kwanza na ya pili, nilipata nafuu. Nilisema moyoni, haya basi, atabaki. Ataolewa hapa hapa karibu, tutatengeneza meza na makabati, jioni tutabishana habari za rangi. Nilikuwa nimekuibia safari yako, halafu nikaanza kupanga namna ya kuitumia.

Hakuna aliyenihubiria. Mama yako hakujua. Ilikuwa siku ya nane, natafuta patasi kwenye kikapu chako, nikakiona kile kipande cha bati. Nikalichukua behewa la pili, lililobondeka, nikalipitisha. Gurudumu moja likatumbukia. Lingine likaning'inia. Nikaligeuza, nikajaribu tena. Nikajaribu la nne. Nikaanza kukisukuma kwa nguvu, ebo, mtu mzima nagombana na bati! Wapi. Kipimo hakimwamkii mtu shikamoo. Hakikujua kuwa mimi ni baba wala kuwa babu yangu alifua majembe ya nchi nzima. Nikakaa chini kwenye vumbi la mbao nikasema kwa sauti, "Alisema kweli." Paka alikuwepo, ndiye shahidi.

Kesho yake nikamwambia mama yako nakwenda kutafuta mbao, nikapanda lori la mahindi mpaka Tunduma, behewa nimelifunga kwenye kanga, bati mfukoni. Fundi Maganga nilimkuta ofisini kwake anakunywa chai.

"Karibu, mzee wa treni la pombe," akasema. "Umekuja kunipiga radi? Nasikia nyie Wafipa mkikasirika mnatuma radi."

"Ningekuwa nayo ningejipiga mwenyewe," nikasema. Nikamweleza. Nilianza kwa kuzunguka, habari za hali ya hewa, habari za babu, akaniambia, "Mzee, fupisha." Nikafupisha. Nikasema: magurudumu niliyapunguza mimi. Binti aliniambia yamepanuka. Nikamfukuza, halafu nikamsingizia mbele ya watu.

Alilichukua behewa, akachukua kipimo chake cha chuma, akapima. Kisha akachukua kipande chako cha bati akakipima nacho, upande huu na upande ule, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki kakikata nani?"

"Yeye."

"Kwa kutumia nini?"

"Mkasi wa mama yake, na tupa."

Akakiweka mezani. Halafu akakasirika, tena sana. Akaniambia kwamba yeye huko reli ameona mtu akifa kwa sababu mdogo aliona kosa, mkubwa akamnyamazisha. Akaniambia nimemfundisha binti yangu kunyamaza, na yeye itamchukua mwaka mzima kumfundisha kusema tena. Nilisimama nikasikiliza. Nilistahili. Mwisho akasema, "Jina nitalirudisha, nafasi moja ipo, kijana mmoja ameghairi. Lakini ulilisema uwanjani. Kalifute kwa watu wale wale. Katibu akiniandikia kwamba umelifuta, nami nitaandika."

Loo, Skola! Ile safari ya kurudi nilitamani lori liharibike.

Lakini nililifuta. Mkutano wa tawi wa Jumapili, baada ya misa, wewe ungali Pito, watu wanazungumzia mbolea na shamba la ujamaa. Nikasimama nikaomba nafasi. Nilisema yote, hata la tanuru, nikawaomba wewe wakuache nikuambie mwenyewe. Nikasema chuma hakikukataa kwa sababu ya binti, kilikataa kwa sababu ya mpimaji. Baba yako mkubwa akaniambia nimemwaibisha marehemu babu. Nikamjibu kwa adabu kwamba babu alikuwa fundi, na fundi yeyote akiona kazi iliyopinda anauliza nani kapinda, hatafuti mwanamke wa kumsingizia. Hajanisalimu vizuri tangu hapo. Atanisalimu, kiu ya pombe anayopika mama yako itamleta. Katibu akaandika barua pale pale, na wiki ya tatu ikaja ile bahasha uliyoifungua ukapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Ulidhani imetoka tu. Ulinikumbatia, ukasema, "Baba, wamenichagua!" Na mimi nikakubali kukumbatiwa.

Nikwambie usiku wa ile Jumapili ya mkutano nililalaje? Nililala kama gogo. Mama yako alinitikisa akidhani nimekufa. Miezi miwili nilikuwa sijalala hivyo. Mtu hudhani akikiri atavunjika, kumbe anayevunjika ni yule anayebeba. Nimekuwa mwepesi, Skola. Nimeanza tena kupiga mluzi ninapopiga randa, mama yako anauliza nina nini.

Sina mawaidha mengi. Nilivyoona mimi ni hivi: rangi nzito hupakwa na mtu anayetaka kumaliza, na uongo wangu ulikuwa hivyo hivyo, mkono mmoja, upesi, nipumzike. Kuusugua kumenichukua muda mrefu kuliko kazi yote. Huko uendako utakosea. Utalehemu ovyo, utapima ovyo, ukiwa mgeni wa kazi. Sema siku hiyo hiyo, wakati kosa lingali na unene wa ukucha. Na ukiona kosa la mkubwa wako, lile jambo nililokufundisha mlangoni kwangu kwa kuchora mstari, ninalifuta. Sema. Akikwambia kafunge mapazia, sema tena. Nayaandika haya nikijua mkubwa wa kwanza utakayemwambia hivyo huenda nikawa mimi.

Sasa limebaki moja, na nimelizungukia kurasa zote hizi kama kawaida yangu. Nimekiri kwa Fundi Maganga. Nimekiri mbele ya tawi zima, hata kwa Padri nimekiri. Wote hao nimewaambia. Kwako sijasema. Wewe ndiye niliyekusingizia, na wewe ndiye wa mwisho kuambiwa.

Hukuyagusa magurudumu. Uliona kweli ukasema kweli, na mimi baba yako nilidanganya juu yako mbele ya watu. Nisamehe, mwanangu.

Nilitaka kuitia barua hii chini ya nguo zako uikute kesho, basi likiwa limekwisha pita Laela, mimi huku salama salimini. Nilikwisha ikunja hata. Kisha nikaona ni ujanja ule ule wa uwanjani: kusema halafu kukimbia. Kwa hiyo nakukabidhi mkononi leo, jua bado lipo. Kama una hasira, na unayo, maana hata mimi ningekuwa nayo, usisafiri nayo. Mimi nakaa hapa nje mlangoni. Ukimaliza kusoma, njoo unigombeze.

Baba yako.